Nani Ataiwasha Mashine Ukiwa Lodwar

Chebet wangu,

Begi lako nimelifunga. Usilifungue tena kutafuta lile sweta zito, nimelitoa, kwa sababu unaenda Lodwar kwenye joto na si Ainabkoi kwenye baridi. Mambo ya neti ya mbu, ya kunywa maji mengi na ya kupiga simu ukifika nayaruka. Nimeyasema wiki nzima mpaka babako ameanza kuyaimba akinyoa ndevu. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya ile mashine ya kupasua kuni.

Mama mwingine angetumia jioni kama hii kumwonya binti yake juu ya wanaume. Hata mimi nilifikiria. Lakini wanaume ninaowafahamu vizuri ni babako na fundi Wafula, na hao wawili umewachunguza kuliko mimi. Mashine ndiyo inayonisumbua, na nadhani ndiyo inayokusumbua wewe pia.

Jana tukila ulisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba asubuhi ya safari utawapigia simu watu wa kazi uwaombe mwezi mmoja zaidi. "Mum, siwezi kukuacha na hiyo kitu ikiwa nusu," ulisema. "Nani atakuwa anakuvutia kamba?" Babako aliinamia ugali wake. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Ukweli ni kwamba niliogopa kufungua mdomo, maana kuna upande wangu mmoja uliofurahi, na ulifurahi sana.

Kwa hivyo leo, ulipoenda mtaa wa West Indies kumuaga shangazi yako, mimi nilibaki na shughuli. Nitakueleza yote, ila uniache nianzie mwanzo. Unajua siwezi kusimulia kitu kutoka katikati.

Mwanzo ni bega langu. Hapa Kapsoya watu wananiita Mama Kuni, na jina hilo nililipata kwa shoka, kabla sijaweza kuajiri mtu. Bega la kulia lilipogoma, niliajiri vijana, nao vijana wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuendesha bodaboda. Siwalaumu. Hakuna msichana anayemtazama mara mbili mpasua kuni. Basi ukarudi kutoka chuo na ile video kwenye simu yako: mzee wa nchi fulani ya baridi anaweka gogo juu ya chuma, anashika kijiti, na gogo linafunguka. Niliitazama mpaka bando lako likaisha. Sikuwa natazama gogo. Nilikuwa namtazama yule mzee, kwa sababu alikuwa anatafuna kitu mdomoni na hakuwa na jasho hata kidogo.

Nikakuuliza ni nani anayesukuma. Ukasema, "Ni oil, Mum." Nikakataa. Mafuta ninayoyajua mimi yanatelezesha, hayasukumi. Ukaenda kuchukua jeki ya pikapu, ukaiweka chini ya pikapu na ukaniambia nipampu kwa mkono wa kushoto. Nikapampu. Pikapu nzima ikainuka, polepole, kwa mkono wa mwanamke asiyeweza kujichana nywele za kisogoni. Siku ile nilikuonea fahari na nikakuonea wivu pia, sikukuambia.

Ulivyoiunda ile mashine sitakurudishia, wewe ndiye uliyeiunda. Chuma cha chasisi ya lori kuukuu, jeki kubwa ya mafuta iliyotolewa kwenye tingatinga lililokufa, na kabari iliyokatwa kutoka kwa kisu cha greda. Lakini niliona jambo moja ambalo hukulisema. Wafula alitaka ikae juu, kimo cha kiuno, ionekane ya maana. Wewe ukaiweka chini kabisa, karibu na ardhi, ili gogo liviringishwe kwa mguu bila mtu kuinua kitu. Nilijua ni bega langu ulilokuwa unalifikiria, na nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Likabaki swali moja tu, la kitu gani kitazungusha pampu ya yale mafuta. Nani angejua swali dogo hivyo lingetumalizia nusu ya mwaka.

Babako ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa jibu, tena kwa dharau. "Mnajisumbua bure. Trekta iko na pampu yake. Chomekeni tu mipira ya mafuta hapo nyuma, maneno kwisha." Ilikuwa Januari, ngano imevunwa, mashamba yamelala, na tajiri wake alimruhusu kuja na trekta nyumbani Jumamosi. Tukachomeka. Magogo yalipasuka kama tunayaambia tu. Nakumbuka ulivyokuwa unacheka peke yako. Mimi nikaenda kuwaahidi kuni wenye hoteli zote za barabara ya kuingia mjini, na wapishi wa shule, kwa mdomo mkubwa.

Halafu mvua ya Machi ikanyesha, trekta ikaenda shambani kulima na haikurudi. Na ni wakati huo huo wa mvua na baridi ambapo kila mtu mji huu anataka kuni. Chebet, sisi ni watu wa Uasin Gishu. Msimu wa kulima tunaujua kuliko siku zetu za kuzaliwa. Babako ameendesha trekta tangu kabla hujazaliwa. Na bado hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba trekta na kuni hutafutwa siku zile zile! Babako aliporudi na matope mpaka kwenye nyusi, ukamuuliza mbona hakusema. "Mliniuliza nguvu," akajibu. "Mngeniuliza nafasi, ningewaambia."

Tukaja kwenye mota ya umeme, ile iliyokuwa ikikata nyasi za ng'ombe tulipokuwa tunafuga. Unakumbuka asubuhi zile za Juni. Tunaamka gizagiza ili hoteli zipate kuni za chai, wewe unabonyeza swichi, mota inanguruma pale pale kama mtu aliyekwama kwenye matope, halafu umeme wote wa nyumba unakatika. Na ng'ambo ya ua, Mama Njeri na vifaranga wake anaowalea chini ya balbu: "Mama Chebet! Stima yangu! Vifaranga watakufa na hii baridi yenu!" Kana kwamba baridi ya Eldoret tumeileta sisi.

Baada ya asubuhi chache kama hizo ulikata tamaa. Ulisema maneno mawili siku hiyo, na mimi nikasikia moja. Ulisema, "Mum, tukiweka pampu ndogo force ni ile ile, itakuwa tu slow." Kisha ukasema, "Lakini kama haiwaki, ni bure." Nikalishika hilo la pili.

Ndipo Wafula akatuazima injini ya petroli, ile ya kuvuta kamba. Nitakuambia kitu ambacho nimekifikiria leo na kimenifanya nijione mjinga kidogo. Mwanzoni niliichukia injini ile. Kelele zake, harufu yake kwenye nguo, na jinsi inavyokunywa. Nilikuwa nimekuambia tuirudishe. Halafu ikaja ile simu kutoka kwa watu wa visima, kwamba umepata kazi ya kufunga pampu za sola huko Lodwar. Tulishangilia, tukamchinja yule jogoo mkali. Na kuanzia kesho yake, mimi nikaanza kuipenda injini ya petroli. Nikawa naisifu kwa wateja. Nikasema hii ndiyo yenyewe, hii inaweza kubebwa mpaka Ainabkoi kwenye magogo yenyewe. Hata babako alinitazama akauliza kama nina homa.

Tukaipeleka Ainabkoi. Mjini ilikuwa inanguruma vizuri, lakini kule juu ikaanza kuhema, na ikazima kabari ikiwa katikati ya gogo. Nilipenda jinsi ulivyonieleza. Ulisema hewa ya huko ni nyepesi na injini inapumua kama sisi, ukanikumbusha wale wakimbiaji wageni wanaokuja kufanya mazoezi kwetu, jinsi siku za kwanza wanavyosimama kando ya barabara wameshika magoti. Wafula akasema dawa ni injini kubwa zaidi, na kweli akaleta kubwa zaidi. Na injini kubwa ina kamba ngumu zaidi. Ukaweka mguu kwenye chuma, ukavuta kwa mgongo mzima, ikawaka. Ilikuitikia wewe haraka kuliko ilivyomwitikia Wafula mwenyewe. Nikapiga makofi, nikawaambia wale wanaume waliokuwa wakikata miti, "Mnaona? Hii mashine inajua mkono wa Chebet tu!"

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kwenye mdomo wangu, niliacha kupiga makofi. Niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia zamani, na aliyesifiwa alikuwa mimi.

Nilipokuwa msichana, nyanya yako alikuwa na ng'ombe mweupe tuliyemwita Chelel. Alikuwa na maziwa mengi na tabia mbaya. Alikubali mkono wangu peke yake. Mtu mwingine akichuchumaa pale, Chelel alizuia maziwa, na akizidi kusumbuliwa aliipiga ndoo teke mpaka kwenye ua. Mimi nilikuwa nikimwimbia wimbo wa kipuuzi nilioutunga mwenyewe na maziwa yanashuka. Wageni walikuwa wakiletwa kuona. Nyanya yako aliwaambia wote, "Hii ng'ombe inajua mkono wa msichana wangu tu." Nilijivuna, we acha tu.

Kisha nikapata nafasi ya kusomea ualimu. Nyanya yako alifurahi, na hakunizuia hata kidogo, nataka uelewe hivyo. Aliuliza tu, "Na Chelel?" Nikasema nitaomba wanipe mwezi mmoja, nimzoeze kwa mtu mwingine. Mwezi ulipoisha Chelel alikuwa anakaribia kuzaa. Baada ya ndama ikawa mvua, baada ya mvua ikawa kuvuna, na nilipokwenda kuuliza, nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine.

Usije ukasoma hapa majuto ambayo hayapo. Muda si mrefu babako alipita na trekta akakwama mbele ya lango letu, na mengine unayajua. Nampenda babako, na wewe singekubadilisha na darasa zima la watoto wanyamavu. Lakini mpaka leo, nikiwapita watoto wa shule asubuhi, huwa najiuliza ningekuwa mwalimu wa namna gani. Nadhani ningekuwa mkali kwenye hesabu na mlegevu kwenye kila kitu kingine. Ni jambo ninalotamani kulijua na sitalijua. Hakuna aliyenikosea. Ng'ombe alikuwa amezoea mkono mmoja, na sisi sote tuliona ni jambo la kujivunia.

Na sasa nilikuwa nimesimama Ainabkoi, mtu mzima, nikiipigia makofi injini.

Sikukuambia kitu. Lakini wiki hii, ulipokuwa unazunguka mjini kutafuta vyeti na kupimwa na daktari, nilirudi kwenye ile mota ya umeme. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka tu kujua kwa nini mota iliyokata nyasi miaka yote ile bila kulalamika igome ghafla. Siku ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, nikabonyeza swichi. Ikanguruma kidogo, halafu ikazunguka! Nikaizima haraka kama niliyeshikwa nikiiba. Nikakaa pale nikiitazama. Asubuhi inakataa, mchana inakubali. Sasa hiyo ni tabia gani?

Aliyenipa jibu ni Mama Njeri, na hakujua kama ananipa jibu. Kesho yake asubuhi akaanza kelele zake kwenye ua. "Mama Chebet, hata leo? Taa imefifia tena!"

"Leo sijawasha chochote," nikamwambia.

"Haiwezekani."

"Njoo uone."

Badala ya kuja, akaniita kwake. Tukasimama sisi wawili katikati ya vifaranga, tukitazama balbu. Ilikuwa nyekundu nyekundu, imechoka. Mama Njeri akainua kidole. "Sikia," akasema. Nikasikiliza. Kutoka kwa zile nyumba za kupanga nyuma yake, na zile za mbele, na za kando, maji yalikuwa yanamwagika. Watu walikuwa wanaoga. Kapsoya nzima, Chebet, wakati ule ule mmoja, kila mmoja na ile hita yake ya bafuni, kwa sababu nani atajimwagia maji baridi Eldoret mwezi wa Julai? Tukangoja. Watu wakamaliza kuoga, wakaenda kazini, watoto wakaenda shule, na balbu ikapanda yenyewe mpaka ikawa nyeupe. Tulicheka na Mama Njeri mpaka vifaranga wakakimbilia pembeni. Miezi yote tumeilaumu mota, kumbe ni watu wanaosafisha makwapa.

Nikaona kama kuna hilo, huenda kuna lingine. Nikatumbukiza kijiti kwenye tangi la mafuta asubuhi, nikakitoa. Mafuta yalining'inia kama uji wa wimbi. Mchana, jua likiwa limepiga, yakatiririka. Nikampigia Wafula. Akasema yale ni mazito ya babako ya trekta, na trekta inayapasha moto yenyewe, lakini mota ndogo kwenye baridi haiyawezi. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakujua tumeweka hayo.

Kisha nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa kooni. Je, mota ndogo inaweza kusukuma sawa na injini kubwa? Wafula akasema kwa adabu, "Mama, si Chebet alisema hivyo? Unaweka pampu ndogo, nguvu inakuwa ile ile, inaenda tu polepole. Alisema na wewe ulikuwepo. Ukasema polepole haifai, hoteli hazingoji." Ni kweli nilisema hivyo. Ni ile ile ya jeki na pikapu, ambayo ulishanifundisha kwa mkono wangu wa kushoto. Nguvu haikuwa kwenye mkono. Mkono unaleta haraka tu, na mimi sina haraka ya kweli. Nililokuwa nalo ni jambo jingine, la kutaka ubaki, nami nililiita haraka kwa sababu hilo linasemeka mbele za watu.

Leo mchana Wafula alikuja na pampu ndogo na mafuta mepesi. Alipomaliza kufunga nikamwambia aende. "Wacha nione kwanza kama itawaka," akasema. Nikamwambia aende akanywe chai kwa Mama Njeri. Alienda, lakini niliona kichwa chake juu ya ua, na kitambaa cha Mama Njeri kando yake.

Unalijua lile gogo la mti wa blugamu lenye mafundo, lililo nje ya mlango wa jikoni, tunalokalia tukivaa viatu. Unajua vijana wote wa shoka walilishindwa, na yule wa mwisho alisema lina pepo. Nikaliviringisha kwa mguu mpaka kwenye mashine. Nikabonyeza swichi kwa kidole. Mota ikanguruma, nikasema basi, imegoma, na nakuambia kwa dakika ile moja nilitaka igome. Kisha ikazunguka.

Nikasukuma kijiti cha mashine kwa mkono wa kushoto. Kabari ikaja taratibu hivi kwamba niliona siafu mmoja akitoka kwenye gome, akasimama, akaondoka zake. Ikaligusa gogo. Hakuna kitu. Sauti ya mota ikashuka ikawa nzito. Halafu ndani ya gogo kitu kidogo kikatoa mlio, na mstari ukatokea, ukapanuka mbele ya macho yangu. Miaka yote nimepasua kuni na sikuwahi kuona gogo likifunguka, maana shoka likishuka kazi imeshaisha. Leo nimeona rangi ya ndani ikitoka nje, nyekundu, imelowa, na nyuzi zikivutana upande huu na huu kabla ya kuachana, hata kwenye yale mafundo. Nilikaa nikaigusa. Nilitamani ungekuwepo uone, kisha nikafurahi kwamba hukuwepo. Nililia, Chebet. Wafula alishuka kwenye ua haraka, nadhani alidhani nimeumia.

Ile injini ya petroli amekwenda nayo. Nilimwambia aichukue leo leo, nisije nikaanza kuipenda tena.

Kwa hivyo mambo yatakuwa hivi. Magogo yatakuja nyumbani badala ya mashine kuyafuata Ainabkoi. Nitapasua mchana kuni za kesho yake, watu wakiwa wameoga na mafuta yakiwa yamepata jua. Zitatoka chache kuliko nilivyoahidi, na wenye hoteli wawili nimeshawaambia. Mmoja amenuna, mmoja amesema sawa. Nikiweka gogo nitakuwa na nafasi ya kuvuta kiti na kupiga domo na Mama Njeri. Hata nywele za kisogoni amesema atanichana, ila nimemwonya asinisuke zile za kwao za mistari.

Sijui chochote juu ya Lodwar na sitajifanya najua. Lakini kuna swali moja nimelipata hapa kwa shida na ningependa uende nalo. Mkimaliza kufunga pampu kwenye kisima na maji yametoka na watu wamepiga makofi, uliza ni nani ataiwasha siku ambayo wewe na gari lenu mmeondoka. Mtafute huyo mtu mwenyewe. Mwache aiwashe mbele yako na usimsaidie. Labda ana bega kama langu na anaona aibu kusema. Na kama kuna pampu inasemekana imekufa, rudi uitazame saa nyingine ya siku kabla hujaamini. Zaidi ya hapo wewe ndiye fundi.

Nami uniandikie unachokiona. Nataka kujua kama injini hupumua vizuri zaidi huko chini. Nataka kujua maji ya kisima cha huko hutoka yakiwa baridi au moto, na watu wanapikia kuni za mti gani, na zinapasukaje. Nataka kujua kama utalala vizuri bila kelele za Mama Njeri. Nitakukosa sana, mwanangu. Nyumba itakuwa na nafasi nyingi mno na babako atakuwa anazungumza na redio. Nimeliandika hilo ili usidhani mashine imenitosha. Haijanitosha. Rudi likizo kwa sababu umetutamani, uje ukae tu, ule, ulale mpaka saa nne, na usiguse hata spana.

Gari lenu linafika kesho saa nne. Usipige ile simu kabla hujatoka nje. Amka, unywe chai, na saa tatu utoke na begi lako. Utatafuta lile gogo ukalie ufunge viatu na hutalipata. Liko pande mbili, na upande mmoja nimeubakiza niupasue ukiona. Simama pale langoni pamoja na babako. Gogo nitaliviringisha mwenyewe, na swichi nitabonyeza mwenyewe. Mota itanguruma kwanza kama inayotaka kukataa, na utaona bega langu limepanda, na utataka kuja. Usije. Shika begi kwa mikono yote miwili, maana nakujua.

Mamako